Mlima Ulionyamaza Haukufa

Wasomaji wa Chanzuru na Kilosa, yafaa tujue ya kuwa mlima wa moto hunyamaza bila kufa. Julai 2007 nchi ilitetemeka karibu na Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Septemba ukatoa majivu, yakaanguka malishoni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wenzao wa Marekani na Korea Kusini, walianza kuweka hapo vyombo vinavyopokea ishara za satelaiti. Uji wa moto ukipanda chini, ardhi huvimba kidogo: jicho halioni, chombo huona.

Lakini chombo hakihamishi mtoto wala ng'ombe. Onyo likifika, wakubwa wa kijiji na walimu walitangaze upesi.