Mama, usimruhusu mtoto kuleta nyumbani chuma asichokijua

Tumeulizwa kama soda iliyopimwa kwa mionzi kiwandani ina madhara kwa mnywaji.

Mionzi ya gama na eksirei ni ndugu wa mwanga wa jua, ila mawimbi yake ni mafupi mno, hivyo hupenya hata chuma. Kiwandani miale hupitishwa kwenye shingo ya chupa. Chupa isiyojaa hupitisha miale mingi zaidi, na mashine huisukuma pembeni. Migodi ya dhahabu hupima hivyo uzito wa tope ndani ya bomba bila kulifungua, na mafundi hukagua viungo vilivyochomelewa kama sisi matabibu tunavyopiga picha mfupa uliovunjika. Kinywaji hakibaki na mionzi, kama chumba kisivyobaki na mwanga taa ikizimwa. Kwa soda, ogopa sukari.

Hatari iko kwenye chanzo chenyewe kikipotea. Mwaka 2000 huko Meet Halfa, Misri, mkulima aliokota kipande kidogo cha chuma kilichopotea baada ya ukaguzi wa bomba. Ndani yake mlikuwa na iridiamu-192. Alidhani ni madini ya thamani, akakiweka nyumbani. Hakikutoa harufu wala moshi. Ngozi zikababuka, chembe za damu zikapungua. Mwezi Juni mwanawe wa miaka 9 alifariki, kisha baba mwenyewe, na wengine wa familia wakalazwa.

Sisi tuliozoea tohara hudhani maji yatamaliza kila kitu. Kuosha mikono huondoa vumbi la mionzi, lakini hakuzuii miale inayotoka kwenye chuma kilichofungwa. Kinga yake ni kukaa mbali.

Vijana wanaookota skrepa Igogo na Mabatini wafundishwe alama hizi: mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, iliyoanza kutumika 2007. Wakiiona wasiguse wala wasipasue. Wasogeze watu, waite polisi, nao wataarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Aliyekwisha kukishika, kisha akatapika au akapata jeraha kama la moto bila kuungua, aende hospitali na aseme wazi aliokota nini na lini. Asione haya, maana bila maneno hayo tabibu atatibu ngozi tu.