Kabla ya Kununua Kitabu cha Mapishi

Swali la safari hii limetoka Katoro, Geita, kwa binti ambaye ndoa yake haijatimiza mwaka. Anasema anapika kwa kuangalia video za kwenye simu, bando linakwisha, na sahani yake haifanani na aliyoiona. Anauliza: "Dada, ninunue kitabu gani cha mapishi?"

Vitabu nitakutajia, mdogo wangu. Ila kwanza nenda dukani kanunue kauntabuku yenye jalada gumu na kalamu mbili. Kitabu chako kikuu cha mapishi ni hicho, na utakiandika mwenyewe.

Nakwambia hivyo kwa sababu chakula kinategemea kilicholimwa jirani. Chukua wali. Kitabu kitakwambia kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, na kwa mchele uliokaa ghalani hesabu hiyo si mbaya. Sasa ikifika mwezi wa tano, wa sita, mpunga mpya wa Kahama umeingia sokoni, mchele bado una unyevu wake. Ukiupa maji yale yale unapata bokoboko. Mama anayekuuzia hapo sokoni ndiye anayejua gunia lipi ni la msimu huu na lipi la mwaka jana. Muulize kila unaponunua, na ukifika nyumbani andika: mchele wa nani, mwezi gani, maji kiasi gani. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa na ukurasa wa wali ambao hakuna duka la vitabu litakuuzia.

Halafu tazama ulipo. Huko Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, dhahabu imekusanya watu kutoka kila pembe ya nchi. Kwenye nyumba moja ya kupanga yenye vyumba nane utamkuta Msukuma, Mhaya, Muha, Mkurya na Mchaga, na wote wanawasha majiko ua mmoja jioni. Mhaya anajua ndizi za kuchanganya na maharage, Mchaga ana mtori wake, na yule wa Nkome amekulia ziwani, anajua kumkausha dagaa asibaki na mchanga. Watu husafiri mbali kuutafuta ujuzi huo. Wewe unaupita kila siku ukienda kuteka maji. Uliza. Usianze na daftari mkononi, utamtisha mtu. Anza kwa kumsaidia kuchambua mchele au kuosha vyombo, mwite mama au dada kama umri wake unavyodai, na kesho yake nenda na sukari kidogo.

Kuna ugumu mmoja, nao ni vipimo. Mama wa Kisukuma hatakwambia kijiko kimoja cha chumvi. Atakwambia "weka kiasi," na kiganja chake si kiganja chako. Nilichojifunza ni hiki: nenda na bakuli tupu. Kabla hajatia kitu chunguni, mwombe akiweke kwanza kwenye bakuli, nawe ukipime upesi kwa kikombe au kijiko chako, kisha umrudishie. Atacheka mara ya kwanza, ya pili atakuletea bakuli mwenyewe. Maji yapime kwa vidole vyake: yamefika wapi juu ya chakula, pingili moja au mbili?

Hivyo ndivyo nilivyopata ukurasa wangu wa michembe, kwa mama mkwe wangu. Mnajua tofauti: michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vipande vibichi, vikaanikwa juu ya majabali mpaka vikakauka, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe. Michembe vikombe viwili. Ioshe mara tatu, maana vumbi la jabali linajificha kwenye mikunjo. Maji vikombe vinne, funika, moto wa wastani, nusu saa na zaidi kidogo. Usikoroge, itavunjika. Ukibonyeza kipande kikakubali kidole bila kusambaratika, tia karanga zilizotwangwa nusu kikombe zilizovurugwa kwa maji ya uvuguvugu, na chumvi ncha ya kijiko. Punguza mkaa, acha mpaka mchuzi ushikamane na kijiko. Mama mkwe hutazama mafuta ya karanga yakitokeza pembeni ya sufuria, yakitokeza, anaipua. Pembeni weka maziwa mgando. Ukipata viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani na vitamini A nyingi, vianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linakula ile vitamini.

Sasa vitabu. *In Bibi's Kitchen* cha mwaka 2020 ninakipenda kuliko vyote. Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia, akishirikiana na Julia Turshen, alikusanya mapishi ya mabibi kutoka nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo, na akayaandika pamoja na maneno yao. Yaani alifanya kile kile ninachokuomba ukifanye hapo uani. *Taste of Tanzania* cha Miriam Kinunda kimeandikwa kwa ajili ya wanaopika chakula chetu wakiwa nchi za Magharibi, kwa hiyo vipimo vyake vimenyooka, anayeanza hapotei. *A Taste of Zanzibar* cha Zarina Jafferji ni cha nazi na viungo vya Pwani, kizuri kwa siku ya wageni, ila nazi ikifika Geita bei yake unaijua. Vyote vitatu ni vya Kiingereza, na hilo linaniuma. Dengu na choroko zinajaa mashambani Shinyanga kila mwaka, na sijawahi kushika kitabu cha Kiswahili kinachozipikia kwa namna tunayozipika sisi. Labda mmoja wenu atakiandika.

Kuhusu video na jumbe za kutumiana kwenye simu, nina neno moja zito. Kuna mapishi ya unga wa uji wa watoto yanayozunguka: mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, dagaa, vyote kinuni kwa pamoja. Mdogo wangu, karanga moja yenye ukungu inaharibu unga wote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Chambua karanga moja moja, tupa iliyosinyaa na iliyobadilika rangi. Saga nafaka peke yake, na karanga zitie kwenye uji siku unayopika. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi wa kliniki unakompeleka mtoto. Ushauri wake ni bure.

Na hili siwezi kuliruka kwa sababu najua mnaishi wapi. Kikaango, kijiko au jiko lililowahi kuchomea dhahabu yenye zebaki lisirudi kwenye chakula, hata ulisugue kwa majivu na mchanga. Wala uchomaji huo usifanyike ndani au karibu na mnapopikia. Moshi wa zebaki huuoni, lakini unaingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, na mwenye mimba anampa aliye tumboni. Mumeo akisema ni mara moja tu, mwambie dada amekataa.

Nirudi kwenye kauntabuku. Bibi yangu alikuwa na namna yake ya kukausha majani ya kunde. Aliyachemsha kwanza kwa kitu fulani, akayafinyanga, akayaanika juu ya ungo, na kiangazi kizima mboga ile ilikuwa na uchachu mtamu sijawahi kuupata tena. Nilikula miaka mingi bila kuuliza. Alipofariki niliwauliza shangazi zangu watatu: mmoja akasema ni magadi, wa pili akasema ni maji ya ukwaju, wa tatu akasema bibi hakuweka kitu ila alijua siku ya kuyachuma. Nimejaribu yote. Ukurasa huo kwenye daftari langu una kichwa cha habari tu.

Kwa hiyo binti yangu wa Katoro, mama mkwe wako yu hai na umesema anakuja kuwatembelea mwezi ujao. Muulize anapika nini mvua za kwanza zikinyesha. Andika jina lake juu ya ukurasa, na tarehe. Ukishaujaribu uniletee, nami nitaupika hapa kwangu kwa mkaa.