Mwalimu Mkuu, gawa funguo

*Shangazi, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Uyui, mkoani Tabora. Naingia shuleni alfajiri, natoka giza limeshatanda. Funguo za stoo, maktaba na ofisi ninazo mimi, maana nilipokabidhiwa shule nilikuta mahindi ya chakula cha watoto yamepotea na hakuna aliyeulizwa. Mwalimu akitaka chaki ananisubiri. Likizo ya mwaka jana sikwenda. Sasa usingizi hauji, mtu akigonga mlango moyo unanipasuka, na watoto niliowapenda nawaona kero. Kwaya nimeacha. Je, nijiuzulu?*

*Mama Mwalimu, Uyui*

Mwanangu, usijiuzulu kwanza. Uamuzi mkubwa hauamuliwi na mtu asiyelala.

Unayoyaeleza yanajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu unaotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu: nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi, na huona hafanyi lolote la maana. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Liliuhesabu kuwa jambo la kazini. Kwa hiyo usijione mvivu wala mwalimu mbaya. Tazama kazi yako ilivyopangwa. Hata hivyo, usingizi uliopotea na moyo unaodunda hivyo si vya kupuuza. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, upimwe presha, na daktari umwambie yote uliyoniambia mimi.

Nikupe mfano wa huko kwenu. Unaishi kwenye njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Njia hiyo ina uchungu wa watumwa na siwezi kuipamba. Nawazungumzia wapagazi wa Kinyamwezi, watu waliobeba kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Mbele yao alitangulia kirangozi, na haikuruhusiwa mtu kumpita. Kazi yake ilikuwa kuijua njia; hakukusanya mizigo ya wenzake akajitwika yote. Na misafara ilipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, ilitua, wakati mwingine kwa wiki nyingi, mpaka watu wapatikane. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwenyewe alikaa hapo Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, ingawa alikuwa na haraka ya kuendelea na safari. Wewe umejitwika mizigo ya msafara mzima, mwanangu, na bado unataka kuongoza njia.

Chukua stoo. Mahindi yalipotea kwa sababu hapakuwa na daftari, na ufunguo kukaa mfukoni mwako hakujaweka daftari. Mteue mwalimu wa stoo kwa maandishi. Awepo na mwalimu wa zamu chakula kikipokelewa na kikitolewa, wote wawili wasaini kilo zilizoingia na zilizotoka, na wewe ukague kila Ijumaa. Chaki ziwe kwa mwalimu wa taaluma. Mwanzoni watakosea, na utatamani kunyang'anya ufunguo. Vumilia, waelekeze, uwaache wajifunze. Utumishi wako utapimwa pia kwa walimu utakaowaacha wakiweza kuongoza.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha hapo katika shule ya Mtakatifu Maria, alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa. Hakwenda kulala, alikwenda kuimarisha chama chake, TANU. Lakini nchi mpya kabisa iliendeshwa na mwingine, haikuanguka, na Desemba mwaka huohuo alirudi akiwa Rais. Ikiwa Tanganyika iliweza kukabidhiwa, shule yako nayo inaweza.

Tena tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, akiwa Ikulu. Naamini kiongozi asiye na kitu kinachomlisha nje ya ofisi hukauka. Kwaya yako ilikuwa chakula cha namna hiyo. Rudi, hata kama sauti imeshuka na nyimbo mpya huzijui. Omba pia kipindi kimoja cha darasani kwa wiki. Nahisi watoto umeanza kuwaona kero kwa kuwa siku hizi unakutana nao wakiwa na kesi tu. Ukiingia na chaki mkononi utawaona tena wakicheka na kuuliza maswali.

Simu nayo uiwekee saa. Baada ya chakula cha jioni, kundi la walimu linyamaze. Likiwepo la dharura, watapiga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Si hisani ya mtu. Panga yako na ofisi ya elimu, mkaimishe msaidizi wako kwa barua, mkabidhi funguo mbele ya walimu wote, na ukiwa nyumbani usimpigie kuuliza kama kengele imegongwa. Ukirudi na bado ukaona uongozi haukufai, niandikie tena, tutazungumza habari ya kujiuzulu ukiwa umelala vizuri. Barua ya likizo iandike wiki hii.