Simbilisi Hawezi Kusema Kama Anaumwa: Namna ya Kumujua na Kumusaidia Mapema



Katika vijiji vyetu vya Kabare, Walungu na Kalehe kuna nyumba nyingi ambamo ngombe hayuko tena, mbuzi hayuko tena, lakini karibu na mafiga utasikia bado sauti ndogo: kwii, kwii. Ni simbilisi. Wengine wanamuita dende, wengine kobai. Wakati wa vita na kukimbia-kimbia, mwenye kupora anapeleka ngombe. Hana wakati wa kukimbizana na simbilisi chini ya kitanda. Tena mama anaweza kubeba majike mawili na dume moja ndani ya kikapu na kuanza upya kule alikimbilia. Leo mutoto anauza wawili sokoni, anarudi na makaye na kalamu. Kwa hiyo kundi la simbilisi likikufa lote kwa juma moja, hiyo ni hasara ya kweli, hata kama mujirani anacheka kwamba ni "panya tu".

Katika kutembelea kooperative, neno tunalosikia mara nyingi ni hili: "Jana alikuwa muzima, asubuhi tulikuta amekufa." Mara nyingi sivyo ilivyokuwa. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa. Mbwa, paka, nyoka na kipanga wanamutafuta, na mwenye kuonyesha udhaifu ndiye anakamatwa wa kwanza. Basi anaficha. Anakaa katikati ya wenzake, anasogea nao kwenye majani, hata anaweka mudomo kwenye chakula kama mwenye kukula, kumbe hatafuni. Siku utamuona amelala pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefungwa nusu, ujue ugonjwa ulianza siku mbili ao tatu nyuma. Somo hili ni juu ya zile siku mbili ao tatu.

Kuangalia wakati wa kutoa majani

Saa nzuri ya kuangalia ni asubuhi, unapoleta majani mabichi. Simbilisi mwenye afya anasikia hatua zako na anaanza kulia mbele haujafika. Wote wanakimbilia majani. Usitupe majani na kuondoka. Simama kidogo, hesabu vichwa. Ni nani hakuja? Ni nani alikuja lakini hatafuni? Ni nani anatembea kama mutu mwenye kukanyaga miiba? Kazi hii mutoto wa miaka kumi anaiweza vizuri kuliko sisi wakubwa, kwa sababu yeye anawajua kwa rangi na mara nyingi amewapa majina.

Yule hakuja, mukamate kwa mikono miwili, mukono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Angalia macho na pua: vikavu na safi, ao kuna uchafu? Angalia meno ya mbele: yanakutana, ao moja limerefuka na kupinda? Meno ya simbilisi yanakua siku zote, na yakikosa nyasi ngumu za kuyasugua yanazuia kutafuna. Mate yanalowesha kidevu. Pitisha vidole shingoni, chini ya taya, utafute uvimbe. Geuza nyuma: mavi ni vipande vigumu kama punje ndefu, ao ni ya majimaji na yameshikana na manyoya? Halafu umuweke karibu na sikio lako, usikilize kifua. Kama kinakwaruza, kuna shida ya mapafu.

Tena kuna uzito. Kati ya alama zote, hii ndiyo haidanganyi, na ndiyo watu wanaacha kwa sababu balansi ya kooperative ni ya kupima magunia. Chukua fimbo iliyonyooka, ifunge kamba katikati kabisa, tundika vikapu viwili vinavyolingana kwenye ncha. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina karibu gramu 500. Weka chupa upande mmoja, simbilisi upande mwingine. Haupati gramu kamili, lakini kila juma utaona kama fimbo imelala upande ule ule. Simbilisi mukubwa wa gramu 500 aliyepoteza gramu 50 ni mugonjwa, hata kama anaonekana muzuri. Hapo sisemi juu ya jike aliyetoka kuzaa.

Mumoja akionyesha alama hata moja, siku ile ile mutoe katikati ya wenzake, umuweke ndani ya karito yenye nyasi kavu, mahali pa joto na pasipo moshi. Umupe maji safi na majani laini. Akikataa kukula siku nzima, usingojee kesho: tumbo la simbilisi likisimama bila chakula linajaa hewa na anakufa. Ponda majani mabichi ya viazi vitamu na maji kidogo, uyachuje, umupe kwa sindano isiyo na ncha, matone machache pembeni ya mudomo, polepole, mara nyingi kwa siku. Ukisukuma mengi mara moja yataingia kwenye mapafu.

Kidonge cha nyumbani

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ni hapa wengi wanapoteza kundi wakifikiri wanalisaidia.

Mama mumoja katika kooperative tuliyotembelea alikuwa na simbilisi kumi na wanane. Watatu walianza kuharisha. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya ampisilini vilivyobaki tangu mutoto alipoumwa. Alifungua kimoja, akachanganya unga na maji ya kunywa, akawapa wote "ili wasiambukizane". Juma lililofuata walibaki wanne. Mama huyu hakuwa muvivu wala mujinga. Alifanya kile kila muzazi angefanya. Lakini simbilisi hana tumbo kama la mutoto.

Ndani ya tumbo lake, mwishoni, kuna mufuko mukubwa wenye vijidudu vizuri ambavyo vinaozesha nyasi na kuzigeuza chakula. Bila vijidudu hivyo nyasi hazimufai kitu. Ampisilini, amoksisilini na penisilini zinaua vijidudu vizuri, na vibaya vichache vinavyobaki vinapata nafasi ya kuongezeka na kutoa sumu. Simbilisi anaharisha, anapoa mwili, anakufa ndani ya siku chache. Hata penisilini ya kupiga sindano inaweza kufanya vile vile. Linkomisini na eritromisini nazo ni za kuogopa. Kwa hiyo muandike ndani ya kaye ya kooperative, kwa herufi kubwa: DAWA ZA JAMAA YA PENISILINI HAZIPEWI SIMBILISI. Kama ugonjwa unahitaji antibiotiki, ziko zingine ambazo anavumilia, kama vile dawa za sulfa, lakini kipimo kitoke kwa veterineri, na umuambie wazi kwamba ni simbilisi, si mbuzi wala kuku.

Akikosa majani mabichi

Kuna jambo simbilisi anafanana nalo na mutu. Mbuzi, kuku na sungura wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili wao. Simbilisi hapana; lazima aikule kila siku, karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, na jike mwenye mimba anahitaji hata mara tatu zaidi. Akiikosa majuma mawili hivi, ugonjwa unaanza.

Ndiyo maana ugonjwa huu unaonekana kwetu hasa kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, wakati mvua imekatika na watu wanalisha maganda makavu ya mahindi na nyasi zilizokauka. Alama ni hizi: manyoya yanakuwa magumu bila kungaa, magoti ya nyuma yanavimba, anatembea kwa kuruka ao hataki kutembea, anapiga kelele ukimukamata kwa sababu viungo vinamuuma, mara ingine fizi zinatoka damu. Majike yanatupa mimba. Watu wengi wanasema amevunjika mufupa, ao amekanyagwa. Kama ni mumoja, pengine amekanyagwa kweli. Kama ni watatu kwa juma moja, angalia chakula.

Dawa yake iko shambani. Lengalenga, majani ya viazi vitamu, kabichi kidogo, pera lililoiva, kipande cha chungwa. Pera linapita chungwa mbali sana kwa vitamini C. Toa kila siku, yakiwa mabichi, kwa sababu vitamini hii inapotea majani yakikauka, na ukiichanganya kwenye maji inapotea haraka vilevile. Katika siku chache utaona anaanza kutembea. Pandeni mistari michache ya viazi vitamu karibu na maji ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu.

Lakini si kila kilicho kibichi ni kizuri. Majani ya avoka ni sumu kwa simbilisi. Majani ya viazi vya kizungu na ya nyanya vilevile. Sombe mbichi ina sumu yake; iache inyauke siku nzima mbele ya kumupa, na isiwe chakula chake pekee. Majani yenye umande mwingi, ao yaliyolundikwa mpaka yakapata joto, yanavimbisha tumbo. Yatandaze kivulini kwanza.

Kujikuna, kukohoa, kuvimba shingo

Upele ni rahisi kuujua. Simbilisi anajikuna mpaka anatoka vidonda, manyoya yanadondoka mabegani na mugongoni, ngozi inakuwa nene na ya njano. Ukizidi anarukaruka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Wadudu wake ni wadogo sana, huwezi kuwaona kwa macho, na wanaweza kuwasha hata mikono ya mwenye kumushika kwa muda. Tafadhali, musipake mafuta ya motere yaliyotumika. Tumeona hii mara nyingi. Yanachoma ngozi, tena simbilisi anajilamba na kuyameza.

Ivermektini inasaidia, lakini angalieni hesabu. Dawa ya 1% ina miligramu 10 ndani ya mililita moja, na simbilisi wa gramu 500 anahitaji miligramu 0.1 ao 0.2 tu. Ni kusema mililita moja inatosha simbilisi hamsini na zaidi! Kwa sindano ya kuchoma mbuzi huwezi kupima tone hilo, na ukikosea kidogo tu umemupa mara kumi. Kwa hiyo kooperative iite veterineri siku moja kwa wanyama wa wote. Yeye ataipunguza nguvu na kuipima, na bei kwa kila mufugaji itakuwa ndogo. Kipimo kinarudiliwa kisha siku 10 mpaka 14, kwa sababu mayai ya wadudu hayakufi na dawa ya kwanza. Siku ile ile muchome nyasi zote za kulalia. Na mumuulize ni siku ngapi munangoja mbele ya kuchinja.

Kukohoa na pua yenye kutoka maji mara nyingi kunatoka kwenye nyumba yao. Ukiinama mpaka kimo cha simbilisi na mukojo unakuchoma macho, yeye anavuta hewa hiyo usiku kucha. Moshi wa jikoni unaongeza. Toa nyasi zilizolowa kila siku mbili ao tatu, inua banda kutoka ardhini, acha hewa ipite juu lakini upepo usiwapige. Na musichanganye sungura na simbilisi katika banda moja, hata kama ni kupunguza kazi. Sungura anaweza kubeba ndani ya pua kijidudu kisichomusumbua yeye, kikimufikia simbilisi kinamuua kwa mapafu. Mbwa vilevile.

Uvimbe chini ya taya ni usaha. Musiupasue kwa wembe juu ya meza ya jikoni, kwa sababu usaha ule ndio unaambukiza wengine. Mutenge mugonjwa, muite veterineri, na mutafute kilichomuchoma mudomoni: mara nyingi ni nyasi zenye miba.

Wakikufa wengi kwa haraka

Kama wanakufa wawili, watatu kwa siku, majike yanatupa mimba na wengine wanaharisha, fikiri kwanza salmonela. Ugonjwa huu unaletwa sana na mavi ya panya kwenye chakula ao maji, na unaingia pia kwa watu, hasa watoto. Hapa lazima tuseme neno gumu: wale waliokufa hawaliwi. Tunajua nyama ni chache na mutu anaona ni hasara mara mbili. Lakini mutoto akiharisha, ile pesa ya makaye itaisha kwenye santere ya afya. Wachome ao wazike chini kabisa, mbwa wasifukue, na juu yao weka chokaa kama iko. Nawa mikono na sabuni.

Wale wanaobaki, hata wakipona, wanaweza kubeba kijidudu na kukipitisha muda murefu. Usiwauze kwa mujirani wala usimupe mwanakooperative mupya mbegu kutoka humo. Wakati mwingine uamuzi muzuri ni kuondoa kundi lote, kusafisha banda kwa maji moto na sabuni, kuliacha wazi juani majuma kadhaa, na kuanza tena na simbilisi kutoka mahali pengine. Ndiyo sababu tunashauri kila kooperative igawe mbegu kwa nyumba zilizo mbali moja na ingine. Na mwenye kuingiza simbilisi mupya kutoka sokoni amuweke peke yake majuma mawili au matatu mbele ya kumuchanganya.

Kazi ya mukutano ujao: mumoja wenu alete simbilisi mumoja na chupa ya nusu lita. Mutengeneze mizani ya fimbo pamoja, mumupime, mumuangalie meno, shingo, matako na kifua, na mutoto mumoja aandike. Halafu muulizane: ndani ya nyumba zetu, ni nani anahesabu vichwa asubuhi?