Tafuta Mnunuzi Kabla ya Kutafuta Mtaji

Maandiko ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 4:1-7; Luka 14:28-30; Matendo 18:1-4



Mwezi huu somo letu ni la kazi za mikono. Huenda mtu akauliza kwa nini mchungaji anaacha habari za wokovu na kuandika habari za biashara. Jibu liko ndani ya sufuria ya kila nyumba. Julai 2023 Shirika la Chakula Duniani (WFP) liligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua tena, watu karibu milioni moja waliondolewa. Basi kuanzia Rhino Camp na Imvepi mpaka Lobule kule Koboko, kila familia sasa inatafuta cha kuuza. Wako waliopewa fedha ya kuanzia na mashirika, wako waliokopa kwenye sanduku la kikundi, wako waliouza mbuzi wa mwisho. Na baada ya miezi michache vibanda vingi vinabaki miti mitupu.

Biashara ikifa, haifi peke yake. Aliyekopa kwenye kikundi anakaa benchi moja kanisani na yule anayemdai. Jumapili ya kwanza anachelewa makusudi na kutoka kabla ya baraka. Ya pili anatuma mtoto kusema baba anaumwa. Ya tatu hatumi mtu. Nawaambia kweli, katika kanisa letu deni la shilingi elfu themanini limetutolea washirika wengi kuliko mafundisho ya uongo. Kwa hiyo hili ni jambo la kichungaji kabisa, na tulisome kama tunavyosoma mambo mengine ya imani.

Tuanze na kosa jepesi kuonekana. Nenda katika soko lolote la makazi yetu siku isiyo ya mgao, uhesabu meza za nyanya. Ukimwuliza aliyeanza jana kwa nini amechagua nyanya, atakuambia jirani yake anauza na watoto wake wanakula. Ni kweli, jirani alipokuwa peke yake alimaliza beseni kwa siku moja. Sasa wako sita, na wanunuzi ni wale wale, na fedha yao haikuongezeka hata senti. Beseni moja la wanunuzi limegawanywa mara sita, na nyanya hazingoji, zinaoza. Nyanya si wazo baya. Meza ya sita ndiyo mbaya. Hali ni ile ile kwa dagaa, mandazi na kadi za simu.

Lakini kuna kosa lingine lililojificha zaidi, na hilo huwapata hata watu wenye akili na elimu. Ni lile wazo linalosikika vizuri mkutanini. Tuchukue mfano wa sabuni ya maji, maana wengi wenu mmefundishwa kuitengeneza, mkapewa cheti na mkapigwa picha. Sabuni inatoka nzuri, ina harufu, ina rangi ya kijani. Kikundi kinajaza chupa na kuzipanga mezani, halafu mama anapita anasifu na kwenda kununua kipande cha mche. Kwa nini? Kwa sababu mche anaukata anavyotaka. Haumwagiki njiani kwenda bombani. Anaona umebaki kiasi gani, na anaweza kumkopesha jirani nusu. Mambo haya yote mama anayajua, ila hakuna aliyemwuliza kabla dawa za kutengeneza sabuni hazijanunuliwa.

Msidhani ni sisi wakimbizi tu tunaoanguka hapo. Huko Afrika Kusini ilibuniwa pampu iitwayo PlayPump. Watoto wanazungusha bembea ya duara, wakicheza, na maji yanapanda kwenye tangi. Ni wazo tamu, sivyo? Mwaka 2006 huko New York ilitangazwa michango ya dola milioni 16.4 kwa ajili yake, na mpango ulikuwa kufunga pampu 4,000 katika nchi kumi za Afrika kufikia 2010. Lakini watoto wana shule, wana njaa, na wanachoka kucheza. Wakiondoka, mama na nyanya ndio walioshika kazi ya kusukuma ile bembea ili wapate ndoo ya maji, na mahali pengine pampu yao ya mkono ilikuwa imeshang'olewa. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu kwamba ili kuwafikia watu wote walioahidiwa maji, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Siku ya Mungu ina saa 24 tu. Mpango ule ukasimamishwa. Wote waliolisifu wazo hilo hawakuwa watu wa kuchota maji.

Hata makampuni ya teknolojia ya Marekani yanaugua ugonjwa huo. Mwaka 2014 kampuni ya CB Insights ilikusanya maelezo ya makampuni machanga 101 yaliyoanguka. Sababu iliyotajwa kuliko zote, kwa 42 katika kila 100, ilikuwa kwamba soko halikuwa na haja na kile walichokitengeneza. Ukosefu wa fedha ulifuata nyuma. Sisi tukianguka tunasema mara moja, "Mtaji ulikuwa mdogo." Mara nyingi mtaji mkubwa ungetupatia hasara kubwa tu.

Sasa fungueni Matendo 18. Akila na Prisila walikuwa wamefukuzwa. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote waondoke Rumi, nao wakafika Korintho, mji wa kigeni. Kwa lugha ya leo tungewaandikisha kwenye ofisi ya OPM na kuwapa kadi. Biblia haisemi walifika na mali. Inasema walikuwa mafundi wa mahema, na Paulo, mwenye ufundi ule ule, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Angalieni mahali penyewe. Korintho ulikuwa mji wa njia kuu, wenye bandari pande mbili, na Kenkrea inayotajwa katika mstari wa 18 ni moja yake. Watu walipita daima, mabaharia, wafanyabiashara, na mashabiki wa michezo iliyofanyika karibu na hapo kila baada ya miaka miwili. Msafiri anahitaji kivuli. Ufundi waliobeba mikononi ulikutana na haja iliyokuwapo tayari barabarani.

Koboko nako ni mji wa njia. Upande mmoja ni Kongo, upande mwingine ni Sudan Kusini kupitia Oraba, na nyuma yetu ni Arua, ambayo ni jiji tangu Julai 2020. Dereva wa lori anayelala Koboko anahitaji nini usiku? Mama aliyetoka Kongo na mihogo anaiweka wapi mvua ikinyesha? Mwenye nyumba ya wageni anafulia mashuka kwa kitu gani? Hapo ndipo ile sabuni ya maji inaweza kufufuka. Hoteli, zahanati na shule zinasafisha sakafu na vyoo kila siku, na hazikati mche vipande. Sabuni ni ile ile, ila mnunuzi ni mwingine. Na tusiogope kwenda kwao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford walitoa taarifa kuhusu wakimbizi wa Kampala: 21 katika kila 100 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na katika hao walioajiriwa 40 kwa kila 100 walikuwa raia wa Uganda. Wenyeji wetu walikuwa wakipata mshahara kwa mkimbizi!

Utajuaje kwamba haja ipo? Ndugu, usimwulize mtu, "Nikiuza kitu hiki utanunua?" Sisi ni watu wa heshima, hatumwambii mtu hapana usoni, na mke wa mchungaji akiuliza ndiyo kabisa. Wote watasema ndiyo, mama, tutanunua. Mwulize juu ya jambo lililokwisha kutokea. Mara ya mwisho ulipohitaji kitu hiki ulifanya nini? Ulikinunua wapi, kwa shilingi ngapi, na nini kilikusumbua? Akisema hajakinunua tangu mwaka jana, umepata jibu, hata kama alitabasamu. Akisema alipanda bodaboda mpaka mjini kwa kitu cha shilingi elfu mbili, basi sikiliza vizuri sana. Mahali ambapo nauli inazidi bei ya kitu chenyewe, pana kazi inayomngoja mtu.

Kisha jaribu kwa udogo. Elisha alimwuliza yule mjane kwanza ana nini nyumbani, wala hakumtuma akope fedha. Alichoazima ni vyombo vitupu, na aliuza mafuta ili alipe deni, hakuingia deni ili apate mafuta. Tengeneza chupa kumi, usitengeneze mapipa. Uza wiki mbili. Ukipoteza, upoteze kiasi ambacho watoto hawatalala njaa kwa ajili yake.

Majirani zetu Kenya wanatupa mfano mzuri hapa. Oktoba 2005 M-Pesa ilipoanza kujaribiwa, haikuwa ya kutuma fedha nyumbani. Wazo lilikuwa kwamba watu waliokopa katika shirika la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Walioijaribu hawakufika 500. Wasimamizi wakaangalia watu wanaifanyia nini. Wakaona watu wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wanaweka fedha kabla ya safari na kuitoa wakifika, wakiogopa wezi. Hesabu za mikopo zilikuwa na usumbufu, lakini kutuma fedha kulipendwa. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikowekwa mbele. Wangezindua lile wazo la kwanza kwa nchi nzima, nadhani tusingekuwa tunaitaja leo. Wazo lao lilitengenezwa na wale wateja wachache.

Jambo la mwisho ni hesabu, na hapa Bwana wetu mwenyewe alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Aketi kwanza, ahesabu gharama. Wengi wetu tunahesabu tukiwa tumesimama. Tufanye mfano, bei ni za kufundishia tu, wewe weka zako. Dawa za kutengeneza lita 20 za sabuni, shilingi 30,000. Unauza lita kwa 2,000, unapata 40,000. Unafurahi kwamba umepata faida ya 10,000. Lakini umeipeleka Arua kwa bodaboda na kurudi, 20,000. Umepata hasara ya 10,000 na jasho juu yake. Sasa peleka lita 60 kwa safari moja kwa shule iliyokwisha kuagiza. Dawa ni 90,000, mauzo ni 120,000, nauli ni ile ile 20,000, unabaki na 10,000. Biashara ile ile imegeuka kwa sababu ya oda. Ongeza kwenye hesabu sukari na sabuni mnazochukua dukani kwa matumizi ya nyumbani. Ongeza pia madeni ya shemeji na ya washirika wenzako. Mpendwa, usimkopeshe mchungaji wako pia, atalipa kama wengine.

Na njia yenyewe ihesabiwe. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia pauni yake ielee, ikaanguka vibaya, na aliyeuza kwa fedha hiyo akabaki na karatasi. Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa, mama mwenye kapu akazuiwa. Mhubiri 11:2 inashauri kugawa katika mafungu saba au hata nane. Sisi tukiweza mawili, yaani kinachouzwa hapa kambini na kinachovuka, tutakuwa tumeanza.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

1. Soma Matendo 18:1-4. Taja ufundi mmoja uliokuja nao kutoka nyumbani ambao haukuhitaji kubebwa begani. Nani hapa karibu analipia kazi hiyo sasa, na anamlipa nani?

2. Kila mwenye wazo la biashara azungumze na watu watano kabla ya kikundi kukutana tena, wasiwe ndugu zake wala washirika wa kanisa lake. Alete walichonunua wiki iliyopita na bei waliyolipa. Asilete maoni yao.

3. Kwa viongozi wa vikundi vya akiba: kabla ya kufungua kufuli tatu za sanduku kwa ajili ya mkopo wa biashara mpya, mwombaji atataja jina la mnunuzi wake wa kwanza. Mjadiliane kama kanuni hiyo itawafaa, na mtamfanyia nini ambaye bado hana jina la kutaja.