Ngome ya Chillon

Katika nchi ya Uswisi liko ziwa kubwa liitwalo Geneva. Ukingoni mwake, juu ya mwamba uliozungukwa na maji, imesimama ngome ya Chillon. Hapo milima hushuka karibu sana na ziwa, na njia ni nyembamba. Zamani wafanyaji biashara waliokwenda Italia na kurudi walipita njia hiyo. Basi watawala wa Savoy, walioishika ngome tangu karne ya 12, wakawatoza ushuru.

Ukuta unaoelekea njia ni mnene, una matundu membamba ya kupigia mishale. Upande wa ziwa yapo madirisha mazuri ya vyumba vya wakuu. Lakini chini ya vyumba hivyo palikuwa na gereza.

Mwaka 1530 François Bonivard wa mji wa Geneva alikamatwa, kwa kuwa aliutetea uhuru wa mji wake mbele ya mtawala wa Savoy. Kwa muda wa miaka 4 alifungwa kwa mnyororo katika nguzo ya gereza lile. Mwaka 1536 askari wa Bern waliiteka ngome, ndipo akafunguliwa.

Hata leo mpitaji hulipa mlangoni. Ila sasa ni mgeni aliyekuja kutazama: huiona nguzo ile, kisha hutoka apendapo, jambo ambalo Bonivard alilingoja miaka 6.

Maswali
1. Kwa nini mahali hapo palifaa kutoza ushuru?
2. Bonivard alifungwa kwa sababu gani?