Meno ya Bandia: Vumilia Ugeni, Usivumilie Kidonda



Mwezi uliopita alikuja zahanati mama mmoja mtu mzima, mkononi ameshika kopo la majani ya chai. Nilidhani ameleta choo kipimwe. Alipolifungua, niliona meno ya bandia, ya juu yote, mapya kabisa.

Mama huyu aliuza mbuzi wawili. Alipanda basi Nyakanazi, akaenda mjini, akatengenezewa meno. Aliyavaa siku nne. Siku ya tano aliyatia ndani ya kopo, akaliweka kwenye uchaga juu ya jiko. Yalikaa huko miezi mitatu.

"Mwanangu," aliniambia, "walinipa ya mtu mwingine."

Meno yalikuwa yake. Ila hakuna aliyemweleza habari za wiki za kwanza. Basi leo tujifunze habari hizo. Mimi ni kijana na meno yangu bado ninayo. Wazee wangu mtanisamehe nikisema juu ya vinywa vyenu. Haya nimefundishwa chuoni, na mengine nimeyasikia kwa wagonjwa wenyewe.

Meno ya bandia hupangwa juu ya bamba la plastiki lenye rangi ya fizi. Bamba la juu hufunika kaakaa, yaani paa la kinywa. Hushikwa na mate tu, kama vioo viwili vyenye maji vinavyonatana. Bamba la chini hukaa juu ya fizi, nalo hushikiliwa na ulimi na mashavu. Kwa hiyo la chini husumbua zaidi. Mtu mwingine ana bamba dogo lenye jino moja au mawili.

Ukiyavaa mara ya kwanza, kinywa hudhani kimepewa chakula. Mate hujaa. Usiteme kila mara, yameze. Baada ya siku chache yatapungua. Ulimi nao huona nyumba imekuwa ndogo. Wengine husikia kichefuchefu. Ukisikia hivyo, pumua polepole kwa pua.

Jihadhari na uji na chai. Kaakaa likifunikwa halisikii moto, na unaweza kuungua koo kabla ya kujua. Jaribu kwanza kwa mdomo wa nje. Jihadhari pia na miiba ya samaki, maana nayo huisikii vizuri. Mwambie mjukuu akutolee.

Wiki ya kwanza kula vyakula laini: ndizi zilizopondwa, viazi vitamu, maharage yaliyoiva sana. Ugali wa muhogo hunata, kwa hiyo kata tonge dogo, ulichovye vizuri kwenye mchuzi. Usiume kwa meno ya mbele. Gawa chakula sehemu mbili mdomoni, utafune kushoto na kulia kwa pamoja. Ukitafuna upande mmoja tu, bamba huinuka upande wa pili. Nyama ngumu ingoje. Mahindi ya kuchoma yangoje zaidi. Muwa, kusema kweli, usahau.

Na kusema je? Herufi s, sh, f na v hutoka na mluzi. Watu wengi huona aibu hapa, wakanyamaza, na wengine huacha hata kwenda darasani. Lakini dawa yake iko darasani. Soma kwa sauti, polepole, kila siku. Soma gazeti hili. Ukipenda, anza na maneno haya: "Sisi sote tunasafisha visima. Fisi amefukuza vifaranga saba." Rudia mpaka ulimi upate njia yake. Enyi vijana mnaosikiliza, msicheke.

Shida hii ni ya zamani, na haichagui mkubwa wala mdogo. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Alichongewa meno ya pembe ya kiboko. Yalimsumbua sana.

Sasa tufike kwenye kidonda. Fizi zote kuchoka siku za kwanza ni ugeni tu. Lakini pakiuma mahali pamoja, pakawa pekundu au pamechubuka, bamba linakwangua hapo. Hilo usilivumilie. Livue, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha rudi kwa aliyekutengenezea. Siku ya kurudi livae tena tangu asubuhi, ili aone alama mahali panapokwaruzwa. Yeye atapunguza kidogo tu.

Usichonge mwenyewe. Mpini wa jembe unaweza kuuchonga nyumbani, bamba la meno huwezi. Nimekwisha kuona lililokwanguliwa kwa kisu. Mwenyewe aliondoa pasipouma, akaacha panapouma. Na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, hata kama hakiumi, njoo tukitazame. Saratani ya kinywa huweza kuanza hivyo.

Usiku vua meno. Fizi zinahitaji kupumzika. Anayelala nayo hupata ukungu kinywani, na kaakaa huwa jekundu. Mwenye bamba dogo anaweza kulimeza usingizini. Likimezwa, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Yasugue kwa brashi laini na sabuni. Usitumie mchanga wala majivu, hukwaruza. Yaoshe juu ya beseni lenye maji, yakikuponyoka yasivunjike. Kisha yalaze ndani ya maji safi ya baridi. Maji ya moto huyapinda, na kukauka huyaharibu. Meno yako ya asili yaliyobaki nayo yapigwe mswaki. Na meno ya bandia hayaazimwi, hata kati ya mume na mke.

Mtoto wako akija kutoka Mwanza amevaa kibamba cha plastiki angavu cha kunyoosha meno, usimwamuru alale bila hicho. Kile huvaliwa usiku na mchana, huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki. Lakini mate, mluzi na maumivu ya wiki ya kwanza atayapata kama wewe.

Jambo jingine ni nauli. Kama meno yaling'olewa karibuni, fizi huendelea kunywea kwa miezi kadhaa, na bamba hulegea. Fundi hakukuibia. Ni lazima urudi alijaze upande wa ndani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mjini uliza: nirudi lini? Ukiuza mbuzi wawili, fedha ya mmoja iwe ya safari ya pili.

Yule mama hakuwa na mbuzi wa tatu. Meno yake yalikuwa yamekauka kwa joto la jiko, na fizi zilikuwa zimenywea. Wanawe walichanga nauli, akarudi mjini, bamba likajazwa. Sasa yuko wiki ya tatu. S yake bado ina mluzi kidogo, na nyama bado anamwachia mjukuu. Kopo lile amelirudishia majani ya chai.